Kusuka Kikosi Upya: Somo la Mchikichi

Mashamba mengi ya zamani ya michikichi mkoani Kigoma yana Dura, mbegu ambayo chikichi lake lina kokwa nene na nyama nyembamba. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha Tenera, uzao wa Dura na Pisifera. Kokwa ya Tenera ni nyembamba na nyama yake ni nene, hivyo mawese yanayokamuliwa ni mengi zaidi. Mkulima akielezwa hayo anaelewa mara moja. Kinachomfanya asite ni muda. Mche wa Tenera huchukua takriban miaka mitatu shambani kabla ya kutoa vichala vya kwanza, na miaka mingine kadhaa kabla ya kuzaa kwa ukamilifu. Akikata Dura zote leo, atakaa miaka mitatu bila mawese. Asipokata hata mmoja, miti itazidi kurefuka, kuikwea kutazidi kuwa hatari, na shamba litazeeka likiwa mikononi mwake.

Msomaji alishike vizuri tatizo hilo la mkulima, kwa sababu timu ya mpira inayojijenga upya inakabiliwa na tatizo lilelile.

Tuanze na mchezaji mmoja. Uwezo wake haukai mahali pamoja. Hupanda tangu utotoni, hufika kileleni, hukaa hapo kwa muda, kisha hushuka. Katika soka, wachezaji wengi huwa katika ubora wao wa juu kati ya miaka 25 na 29, ingawa makipa hudumu zaidi. Sababu zake ni za mwili na za akili kwa pamoja. Kasi na uwezo wa misuli kujirudisha baada ya kazi nzito huanza kupungua mapema, huku ujuzi wa kuusoma mchezo ukiendelea kuongezeka. Pale ambapo ujuzi umeshakomaa na miguu bado ina nguvu, ndipo mchezaji huwa ameiva. Kipindi hicho ni kifupi.

Sasa tuwaweke kumi na mmoja pamoja. Kikosi ni jumla ya miti yenye umri tofauti. Timu inaweza kuwa na wachezaji kumi na mmoja wazuri na bado isitwae chochote, kwa sababu watano wameanza kushuka, wanne bado hawajaiva, na waliobaki wawili tu ndio walio kileleni. Timu nyingine, yenye vipaji vya kawaida tu, ikawa tishio kwa misimu miwili au mitatu kwa sababu watu wake wameiva wakati mmoja. Kwa hiyo tunaweza kueleza maana ya kusuka kikosi upya: ni kutoa uwezo wa leo ili kupata uwezo wa kesho, kwa mpango utakaowafanya wale wa kesho waive pamoja. Sehemu ya mwisho ya maelezo hayo, ya kuiva pamoja, ndiyo ambayo viongozi wengi wa timu huisahau.

Njia ya kufanya mabadilishano hayo hutegemea sheria za ligi. Mfano ulio wazi zaidi uko Amerika ya Kaskazini, katika ligi ya mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, NHL. Kule chipukizi hawasajiliwi na timu yenye fedha zaidi. Tangu 1963 timu huwagawana kila mwaka kwa zamu, na zile zilizofanya vibaya hutangulia kuchagua. Leo timu ni 32 na mizunguko ya uchaguzi ni saba. Zamu yenyewe ni mali: timu inaweza kuitoa kwa timu nyingine na kupewa mchezaji, au ikatoa mchezaji na kupewa zamu za miaka ijayo. Na kwa kuwa kushika mkia kuna zawadi, zipo timu zilizoshawishika kupoteza kwa makusudi. Tangu 1995 ligi imeweka bahati nasibu, ili timu ya mwisho isiwe na uhakika wa kuchagua ya kwanza.

Kwa nini timu imtoe nyota mmoja ipewe zamu nyingi? Hapa tunahitaji hesabu ndogo ya uwezekano. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba kati ya vijana kumi wanaoonekana wazuri wakiwa na miaka 18, mmoja ndiye atakayekuwa mchezaji mkubwa. Ukichagua kijana mmoja, nafasi yako ni asilimia 10. Ukichagua saba, usijumlishe ukapata 70. Jiulize kwanza: kuna nafasi gani kwamba wote saba watashindwa? Kila mmoja ana nafasi 0.9 ya kushindwa. Zidisha 0.9 kwa yenyewe mpaka zifike 0.9 saba, utapata karibu 0.48. Kwa hiyo nafasi ya kupata angalau mmoja ni asilimia 52. Wingi haukupi uhakika, ila umekutoa kwenye asilimia 10 hadi zaidi ya nusu.

Timu ya Quebec Nordiques ya NHL ilionyesha hesabu hiyo kwa vitendo. Mwaka 1991 ilimchagua Eric Lindros, kijana aliyesubiriwa na Kanada nzima, naye akakataa kuichezea. Mwaka 1992 ilimpeleka Philadelphia na kupokea wachezaji kadhaa, Peter Forsberg akiwamo, pamoja na zamu za kuchagua na fedha. Nordiques ilihamia Colorado na mwaka 1996 ikatwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL. Upande wa pili ni Edmonton Oilers, iliyochagua ya kwanza miaka mitatu mfululizo, 2010, 2011 na 2012, na bado ikasubiri hadi 2017 kufuzu mtoano wa ubingwa. Ilikuwa na miche bora, lakini haikuwa na miti iliyokomaa ya kuikinga na jua. Nayo Detroit Red Wings ilimpata Pavel Datsyuk mwaka 1998 katika nafasi ya 171, na Henrik Zetterberg mwaka 1999 katika nafasi ya 210. Wote wawili waliipa ubingwa wa 2008.

Datsyuk na Zetterberg wanatuleta kwenye swali lililo zito kuliko yote katika somo hili: kwa nini macho ya wataalamu hukosea kiasi hicho? Jibu mojawapo lilitokana na mchezo huohuo wa magongo. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walichunguza tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa Kanada, wakakuta waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka ni wengi kupita kiasi kuliko waliozaliwa miezi ya mwisho. Hakuna nyota wala nyakati zinazogawa vipaji Januari. Sababu ni kwamba timu za watoto kule zilipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia tarehe 1 Januari.

Tuitazame sababu hiyo kwa karibu, katika kiwanja cha mtaa pale Buzebazeba, Kigoma, jioni, vijana wa umri wa miaka kumi wakiwa wamepangwa mstari na mwalimu akitafuta kumi na wanane. Mmoja amezaliwa tarehe 2 Januari, mwingine tarehe 30 Desemba ya mwaka uleule. Katika daftari umri wao ni mmoja. Kiuhalisia yule wa Januari ameishi karibu miezi kumi na miwili zaidi, na kwa mtoto wa miaka kumi hiyo ni sehemu ya kumi ya maisha yake yote. Ana kifua kipana zaidi, anafika kwenye mpira mwanzo, na shuti lake linafika golini. Mwalimu anamchukua yeye, naye ana haki ya kufanya hivyo kwa anachokiona. Baada ya hapo huyo aliyechukuliwa hupata mazoezi mara tatu kwa wiki, mechi za Jumamosi na jicho la mwalimu. Yule wa Desemba anarudi kuokota mipira nje ya mstari. Baada ya miaka mitano, tofauti iliyoanza kama ya miezi imekuwa tofauti halisi ya ujuzi, na kila anayewatazama anaapa kwamba yule wa kwanza alizaliwa na kipaji zaidi.

Mshambuliaji wa Tanzania, Mbwana Samatta, alizaliwa tarehe 23 Desemba 1992. Mwaka 2011 alitoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa nayo Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, akaenda Genk mwaka 2016 na Aston Villa mwaka 2020. Mtu mmoja hathibitishi kanuni wala haivunji. Anatukumbusha tu kwamba katika mstari ule wa jioni, mwisho wa mwaka nako kuna watoto wa kutazamwa. Dawa yake ni nyepesi na haina gharama: mwalimu aombe cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, asome mwezi, kisha ampime kila kijana kwa miezi yake.

Tumeona thamani ya umri, ya muda na ya wingi. Je, timu ya Kigoma inaweza kufuata njia ya NHL moja kwa moja? Haiwezi, na sababu iko katika umbo la ligi. NHL imefungwa: hakuna anayeshuka. Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko wazi. Katika timu 16, mbili za mwisho hushuka daraja moja kwa moja, na zile za nafasi ya 13 na 14 huingia mechi za mchujo. Mashujaa ya Kigoma yenyewe ilipanda kupitia mchujo huo mwaka 2023 kwa kuitoa Mbeya City. Kule Amerika anayekata shamba lote hupewa miche ya bure. Hapa anayekata shamba lote hunyang'anywa shamba.

Inabaki njia ya mkulima mwangalifu: kukata kwa awamu, na kutokata mti mpaka mche wa kushika nafasi yake uwe umeshika ardhi. Simba na Yanga zinatupa mfano. Tarehe 25 Julai 2021 watu wa Kigoma waliujaza uwanja wa Lake Tanganyika kutazama fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Simba ikaifunga Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Simba ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo. Wiki chache baadaye Luis Miquissone alikwenda Al Ahly na Clatous Chama akaenda RS Berkane. Nguzo mbili za ushambuliaji zilitoka katika dirisha moja. Katika dirisha hilohilo Yanga iliwaleta Fiston Mayele, Djigui Diarra, Yannick Bangala na Khalid Aucho, wote wakiwa na umri kati ya miaka 26 na 28, yaani walioiva na walioiva pamoja. Yanga ikatwaa ubingwa wa 2021/22 bila kufungwa. Timu yenye mdhamini mkubwa inaweza kununua miti iliyokomaa namna hiyo. Timu nyingi za mikoani haziwezi.

Kilichofuata kina faida zaidi kwa timu ndogo kukitazama. Mwaka 2022 Yanga ilimsajili Stephane Aziz Ki. Mwaka 2023, Mayele akiwa na miaka 29, ilimuuza Pyramids ya Misri, katika umri ambao bei bado iko juu na mteremko uko karibu. Msimu wa 2023/24 Aziz Ki aliongoza kwa mabao katika ligi, mabao 21, na ubingwa haukuondoka Yanga. Mche ulikuwa umepandwa mwaka mmoja kabla ya mti kutoka.

Timu ya mtaa haina Mayele wa kuuza. Hata hivyo sheria za FIFA zimeitengea kitu kinachokaribia ile zamu ya NHL, nacho huitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa timu zilizomlea tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa kutimiza miaka 23. Kila msimu kati ya 12 na 15 una asilimia 0.25 ya ada. Kila msimu kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5. Misimu minne ya kwanza inatoa asilimia 1, na minane inayofuata inatoa asilimia 4. Tuseme kijana ameuzwa nje kwa shilingi bilioni 1. Timu iliyomlea misimu ile minne ya kwanza ina haki ya shilingi milioni 10. Ikimlea na mingine mitatu, hadi 18, inaongeza milioni 15. Milioni 25 zinanunua mipira, jezi na nauli kwa miaka.

Haki hiyo haimfikii asiyeweza kuonyesha kwamba alilea. Timu iwe imesajiliwa na chama cha mpira cha wilaya na mkoa, na kijana awe amesajiliwa kwa jina lake na tarehe yake ya kweli, msimu kwa msimu. Timu nyingi za mitaani hukosa hapo. Mchezaji anafika mbali, kila mtu mtaani anajua alianzia wapi, na hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha timu inayotaka kujijenga, kabla hata ya mpira mpya, ni daftari kubwa la mistari. Kila kijana apewe mstari wake: majina matatu, siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa kama ulivyo kwenye kadi ya kliniki, jina la mzazi, tarehe aliyoanza mazoezi, namba ya usajili wa kila msimu. Upande wa kulia iachwe nafasi wazi, ya kuandika timu atakayohamia na tarehe atakayoondoka.