Kofia ya Bluu Haizuii Risasi: Hatari za Askari Wetu Wanaolinda Amani Ugenini



Katika mazungumzo yetu ya jioni husikika mara nyingi kwamba askari aliyepelekwa kulinda amani "kapata safari", ati anakwenda kula posho na kurudi na friji na tivii. Sikatai, wapo wanaorudi navyo. Lakini wengi wetu tuna kaka, baba mdogo au shemeji jeshini, kwa hiyo nimeona toleo hili tulisome jambo lenyewe kwa tarehe na hesabu.

Umoja wa Mataifa ulianza kazi hii mwaka 1948, na tangu hapo wamekufa walinzi wa amani zaidi ya 4,400. Ukimuuliza mtu wameuawa na nini, atakuambia risasi. Sivyo hasa. Maradhi na ajali zikijumlishwa zimeua wengi kuliko mashambulizi. Gari hupinduka kwenye barabara mbovu, malaria humkamata kijana aliyetoka nchi ya baridi, helikopta huanguka porini.

Na mfano mmoja mzito wa ajali za namna hiyo uko hapa hapa Saudia, ingawa wenzetu wengi hawaujui. Katika vita vya Ghuba Senegal ilileta askari wapatao 500. Hawa hawakuwa walinzi wa amani, tuelewane. Walikuwa katika majeshi ya muungano yaliyopewa ruhusa na azimio namba 678 la Baraza la Usalama, na makao makuu ya majeshi ya Kiarabu na Kiislamu yalikuwa Riyadh, chini ya Amiri Khalid bin Sultan. Lakini walikuwa Waafrika waliotumwa mbali na kwao, kama hawa tunaowazungumzia. Vita vilikwisha mwishoni mwa Februari 1991. Tarehe 21 Machi kundi lao lilikuwa likirudi kutoka Umra Makka, wakapanda ndege ya jeshi la Saudia aina ya C-130 hapa Jeddah kuelekea Ras Mishab, upande wa Ghuba. Visima vya mafuta vya Kuwait vilikuwa bado vinawaka na moshi umetanda. Ndege ikaanguka ikiwa inakaribia kutua. Wakafa watu 98, kati yao Wasenegali 92. Watatu tu ndio walionusurika. Vita vimekwisha, ibada imekwisha, moshi ndio uliowamaliza. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Sasa tuje kwenye risasi. Zamani mlinzi wa amani alisimama katikati ya majeshi mawili yaliyokwisha kubaliana kuacha vita. Alitumia silaha kujilinda tu, na gari jeupe na kofia ya bluu vilikuwa kinga, kwa sababu pande zote mbili zilimtaka awepo. Siku hizi anapelekwa mahali ambapo hakuna amani ya kulinda. Makundi ni mengi, mengine hayakusaini chochote, na gari jeupe linaonekana maili nyingi. Kile kilichokuwa kinga kimekuwa alama ya kulengea.

Tanzania imelionja hilo. Tarehe 13 Julai 2013, huko Darfur Kusini, msafara wa UNAMID uliviziwa si mbali na kambi ya Khor Abeche. Watanzania saba waliuawa na watu 17 wakajeruhiwa. Baada ya hapo serikali ilitaka askari wake waruhusiwe kujilinda kwa nguvu zaidi. Mwaka huo huo, kwa azimio namba 2098, Baraza la Usalama liliunda kikosi cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kwenda Kongo mashariki, si kulinda tu bali kuyashambulia makundi yenye silaha. Hapa pana jambo ambalo wasomi wa sheria hubishania: ukishamshambulia mtu, bado wewe ni mlinzi wa amani machoni pake? Kwa maoni yangu, waasi hawakusubiri majibu ya wasomi.

Jioni ya 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, upande wa Beni, ilishambuliwa na watu waliodhaniwa kuwa wa ADF. Mapigano yalichukua saa nyingi, usiku kucha. Watanzania 15 wakafa, 43 wakajeruhiwa, na mmoja hakupatikana. Katibu Mkuu António Guterres alisema ni shambulizi baya kuliko yote dhidi ya walinzi wa amani katika historia ya karibuni ya Umoja huo. Mimi naona la kusoma zaidi ni uchunguzi uliofuata. Ulikuta hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwatoa waliozingirwa. Palikuwa na kasoro katika uongozi na mafunzo, na upungufu wa ndege, wahandisi na habari za kijasusi. Yaani adui alikuwa hatari, lakini kukosa wa kuja kukuokoa usiku nako kuliua.

Somalia ni habari nyingine, maana pale jeshi ni la Umoja wa Afrika. Nitaipita haraka. Kenya ilipigwa El Adde tarehe 15 Januari 2016 na haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Uganda ilipigwa Buulo Mareer tarehe 26 Mei 2023, na Rais Museveni mwenyewe akatangaza kwamba wamekufa 54. Kwa familia, tofauti ya tabia hizo mbili ni kubwa mno.

Na ile posho? Kuanzia Julai 2018 Umoja wa Mataifa ulilipa dola 1,428 kwa askari mmoja kwa mwezi, lakini hulipwa serikali, kisha kila serikali humpa askari wake kwa viwango vyake. Wapo pia wanaotoa kisicholipika. Novemba 2018, karibu na Beni, askari wa Malawi, Chancy Chitete, alimburura Mtanzania aliyejeruhiwa hadi mahali salama, naye akapigwa risasi akafa. Mwaka 2019 alipewa nishani ya ushujaa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa watu wengi Kigali mwaka 1994 kabla ya kuuawa huko huko.

Kwa nini haya yatuhusu sisi wa huku? Kwa sababu UNAMID ilimaliza kazi Darfur tarehe 31 Desemba 2020, na vita vya Sudan vikalipuka tarehe 15 Aprili 2023. Mwezi ule meli zilishusha bandarini Jeddah watu waliokimbia kutoka Port Sudan, moja ikiwa na zaidi ya 1,600, na wanafunzi wenzetu Watanzania waliokuwa Khartoum wakarudishwa nyumbani kupitia Ethiopia. Tarehe 11 Mei wawakilishi wa pande mbili walisaini hapa Jeddah ahadi ya kuwalinda raia. Oktoba 2025 El Fasher, uliokuwa mji wa makao makuu ya UNAMID, ikaanguka mikononi mwa RSF. Wapo wanaotaka jeshi la kulinda raia lipelekwe tena. Likipelekwa, sioni litoke wapi kama si kwetu. Basi swali la Semuliki ndilo la kuulizwa kwanza, kabla hawajapanda ndege: wakizingirwa usiku, nani atakuja, na kwa helikopta ipi?