Jina na Uwanja: Kuzuka kwa Ekolojia ya Binadamu katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Makala haya yanachunguza jinsi ekolojia ya binadamu ilivyozuka kuwa taaluma ya chuo kikuu nchini Marekani. Inadaiwa hapa kwamba historia hiyo haieleweki pasipo kuifuatilia istilahi yenyewe, kwani jina moja liligombewa na fani kadhaa, na mmoja wa waliolitumia mapema akasahauliwa.

Neno ekolojia liliundwa na Mjerumani Ernst Haeckel mwaka 1866 kutokana na neno la Kigiriki oikos, yaani nyumba au kaya. Kwa Haeckel, aliyekusudia uhusiano wa viumbe na mazingira yao, nyumba ilikuwa sitiari tu. Ellen Swallow Richards, mwanakemia wa Massachusetts Institute of Technology aliyepima maelfu ya sampuli za maji ya jimbo hilo, aliirudisha sitiari kwenye maana yake ya asili. Mjini Boston, mwaka 1892, alilipendekeza neno hilo liwe jina la sayansi ya maji, hewa, chakula na makazi ya watu. Pendekezo halikushika, jina likabaki kwa wanabiolojia. Mkutano wa Lake Placid wa mwaka 1899, ambao Richards aliuongoza, ulichagua jina jingine, ambalo tafsiri yake katika Kiswahili ni sayansikimu. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1907, Sanitation in Daily Life, aliitumia istilahi ya ekolojia ya binadamu waziwazi.

Istilahi ya Kiswahili inastahili kuangaliwa. Jina la Kiingereza limejengwa kwa nyumba na uchumi, ilhali sayansikimu inatokana na kitenzi kimu, yaani kumpatia mtu mahitaji ya kuishi. Kitenzi hicho hakifungwi na kuta za nyumba. Kwa bahati tu, pengine, Kiswahili kimeikaribia dhamira ya Richards kuliko lugha yake mwenyewe.

Wanasosholojia wa Chicago hawakuanzia hapo. Robert Park na Ernest Burgess walipoitumia istilahi hiyo mwaka 1921, waliazima msamiati wa elimumimea: ushindani, uvamizi, ufuatano. Mwaka 1922 Harlan Barrows, mwanajiografia wa chuo hichohicho, alidai kwamba jiografia nzima ni ekolojia ya binadamu. Burgess naye, mwaka 1925, aliuchora mji kama duara ndani ya duara, wenye uwezo wakihamia pembeni. Udhaifu wa msamiati wa kuazima ulidhihirika upesi. Mwaka 1945 Walter Firey alionyesha kwamba mtaa wa Beacon Hill, karibu na kitovu cha Boston, uliendelea kukaliwa na matajiri kwa sababu ya kumbukumbu na heshima ya mahali. Mimea haina kumbukumbu za namna hiyo.

Mwaka 1969 jina lilirudi kwa warithi wa Richards: chuo cha sayansikimu cha Cornell kilibadilishwa jina na kuitwa chuo cha ekolojia ya binadamu. Mwaka huohuo College of the Atlantic ilianzishwa katika jimbo la Maine, nayo hutoa shahada ya kwanza moja tu, ya ekolojia ya binadamu. Cornell hufundisha lishe na sayansi ya nyuzi za nguo. Maine huchunguza hata nyangumi. Mfasiri wa vyeti vya vyuo hivyo viwili atalazimika kuandika istilahi ileile.