Fuata Punje Kabla ya Kuamini Lebo

Mwenye ugonjwa wa siliaki anayeishi Singida ana neema ambayo wagonjwa wenzake wa nchi nyingi hawana: chakula cha asili cha mkoa huu kinamfaa. Mtama, uwele, mahindi, ulezi na mchele havina gluteni. Maharage, karanga, mlenda, mafuta ya alizeti, asali, maziwa, mayai na kuku wa kienyeji navyo havina. Ugali wa uwele kwa mlenda, ambao baadhi ya vijana wa mjini wanauona wa kizamani, kwake ni mlo salama kabisa.

Hatari huanza punje inapoondoka shambani na kupita mikononi mwa wengine: kwenye gunia, mashineni, kiwandani, dukani. Lebo nzuri hukueleza punje imepita wapi na imechanganywa na nini. Lebo isiyoeleza hayo haistahili kuaminiwa, hata ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa namna gani.

Thibitisha ugonjwa kwanza

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mwembamba, na utumbo hushindwa kufyonza virutubisho. Hukadiriwa kuwa duniani mtu mmoja kati ya 100 anao ugonjwa huu. Wala si ugonjwa wa Wazungu peke yao: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliukuta kwa zaidi ya asilimia 5 ya watoto wa Kisahrawi, jamii ya Sahara Magharibi, hapa hapa Afrika.

Dalili zake ni kuharisha kusikokoma, tumbo kujaa gesi, kupungua uzito, upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, na mtoto kudumaa. Kwetu dalili hizo zina visababishi vingine vingi, kama minyoo, amiba na utapiamlo. Kwa hiyo usijipime kwa hisia. Muulize daktari kuhusu kipimo cha damu kiitwacho tTG-IgA, na akiona inafaa, akupe rufaa ya hospitali kubwa ambako utumbo huangaliwa kwa kamera na kuchukuliwa kinyama kidogo cha kupima. Usiache ngano kabla ya vipimo hivyo. Ukiiacha mapema, kingamwili ambazo kipimo cha damu huzitafuta hushuka na majibu yanaweza kuonyesha huna ugonjwa ilhali unao.

Ukishathibitishwa, tiba ni moja: kuacha gluteni maisha yako yote. Ndiyo maana suala la lebo ni zito kiasi hiki.

Ijue namba 20

Kiwango cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kilichorekebishwa mwaka 2008, kinasema chakula kinachoitwa "bila gluteni" kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya hutumia namba hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba ukila nusu kilo ya vyakula vya aina hiyo kwa siku, gluteni yote haitazidi miligramu 10. Utafiti wa mwaka 2007 uliona kuwa miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu zinatosha kuumiza utumbo. Sasa pima mwenyewe: kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gluteni ya zaidi ya gramu moja, yaani miligramu zaidi ya 1,000. Hakuna "kidogo tu" katika ugonjwa huu.

Soma pakiti sehemu tatu

Unapoishika pakiti dukani, usiishie kwenye maneno makubwa ya mbele. Igeuze.

*Kwanza, orodha ya viambato.* Lebo nyingi za madukani zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo jifunze kwa moyo maneno ya kukataa: "wheat" ni ngano, "barley" ni shayiri, "rye" ni rai, "malt" kwa kawaida ni kimea cha shayiri, na "semolina" ni ngano iliyosagwa chenga. Ndiyo maana Milo haimfai mwenye siliaki: ina kimea cha shayiri. Sosi ya soya nayo mara nyingi hutengenezwa kwa ngano. Kwa upande mwingine, "buckwheat" si ngano ingawa jina linafanana, na "maltodextrin" si kimea. Ukikuta neno usilolijua, irudishe pakiti rafuni mpaka uulize.

*Pili, tahadhari ya vizio, yaani vitu viletavyo mzio.* Tafuta sentensi iliyo chini ya viambato, inayoanza kwa "contains" au "may contain". Ya kwanza ikitaja ngano, ngano imo. Ya pili ikiitaja, huenda imeingia kwa bahati mbaya kiwandani. Kwako wewe zote mbili zina jibu moja: acha. Lakini kumbuka kwamba sentensi ya pili mara nyingi mtengenezaji huiweka kwa hiari yake. Kukosekana kwake si ushahidi kwamba kiwanda ni safi.

*Tatu, dai lenyewe.* "Gluten free" ndiyo kauli unayoitafuta. "Wheat free" haitoshi, kwa sababu shayiri inaweza kuwemo. Maneno kama "asilia", "lishe bora" au "yafaa kwa wenye kisukari" hayahusiani kabisa na gluteni. Kwa bidhaa kutoka nje, alama ya suke la ngano lililokatwa na mstari, ndani ya duara, ikiwa na namba ya usajili, inaonyesha kuwa chama cha wagonjwa kimempa mtengenezaji kibali cha kuitumia baada ya ukaguzi. Hiyo ni ahadi nzito kuliko neno tupu.

Kila unaponunua upya, soma upya. Viwanda hubadilisha viambato bila kubadilisha rangi ya pakiti.

Alama ya TBS inasema nini?

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Alama yake ya ubora ni muhimu, nawe usinunue unga wa pakiti usio na jina wala anwani ya mtengenezaji. Hata hivyo, alama hiyo inathibitisha kwamba bidhaa imekidhi kiwango cha aina yake. Unga wa ngano bora kabisa nao hubeba alama hiyo. Usiisome kana kwamba inasema hakuna gluteni ndani.

Unga wa lishe na swali la mashine

Hapa ndipo wengi huumia huku wakiamini wanajitibu. Mgonjwa aliyekonda hushauriwa anywe uji wa lishe, na unga wa lishe mara nyingi huchanganywa mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga na ngano. Hata usipokuwa na ngano, huenda umesagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano muda huo huo.

Hofu hii ina ushahidi. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walipima sampuli 22 za nafaka, mbegu na unga ambao kwa asili hauna gluteni, na ambao haukuwa na lebo ya "bila gluteni". Sampuli 7 zilizidi miligramu 20 kwa kilo. Mojawapo ya unga wa soya ilikuwa na zaidi ya 2,900. Hakuna aliyetia ngano makusudi. Ilijiingiza yenyewe njiani.

Kwetu ngano haiko mbali. Wilaya ya Hanang, jirani zetu wa Manyara, ina mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyoendelezwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970. Magunia, malori na turubai za kuanikia havichagui nafaka. Basi fanya hivi:

1. Nunua punje, si unga. Punje nzima unaweza kuikagua, unga huwezi.
2. Chambua kwenye ungo, mchana kweupe. Punje ya mtama na ya uwele haina mfereji. Punje ya ngano ni ndefu kidogo na ina mfereji unaopita katikati ya tumbo lake. Shayiri pia inao. Ukiziona, zitoe moja moja. Zikiwa nyingi, uza gunia hilo ukanunue jingine.
3. Osha, anika kwenye turubai lako, hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Usitumie gunia lililobeba ngano.
4. Chagua mashine, kisha zungumza na mwenye mashine. Iliyo bora ni ile isiyosaga ngano kabisa. Usiulize "mashine ni safi?" kwa maana kila mtu atajibu ndiyo. Uliza: "Wateja wako huleta ngano? Jana umesaga nini?"
5. Ukikosa mashine ya namna hiyo, tumia kinu na mchi au jiwe la kusagia nyumbani. Ni kazi, lakini unga wake unaujua mwanzo hadi mwisho. Kupitisha kilo za mwanzo na kuwapa kuku hupunguza mabaki mashineni, ila hakuyamalizi. Usikufanye kuwa kinga yako ya kila siku.

Kwa akina mama na vikundi vinavyosindika unga wa lishe mkoani, neno moja: andikeni viambato vyote, na semeni kama mashine yenu husaga ngano. Msiandike "bila gluteni" mpaka unga upimwe maabara. Mteja anayeuliza maswali mengi hawadharau ninyi. Analinda utumbo wake, na mkimwambia kweli atarudi kwenu miaka yote.

Chakula kisicho na lebo

Jikoni mwa mama lishe lebo ni mtu mwenyewe. Muulize kwa jina la kitu: "Dada, mchuzi huu umeuongezea unga wa ngano?" "Chipsi zimekaangwa kwenye mafuta ya sambusa na maandazi?" Vitumbua na bagia vinaweza kutiwa ngano ili vishikane. Soseji na kababu mara nyingi huwa na chenga za mkate. Nyama choma yenye chumvi na limau, wali, viazi vya kuchemsha na matunda ndivyo vya kukimbilia. Wakati wa futari, pakua kwanza kabla kijiko cha tambi hakijaingia kwenye sufuria ya maharage.

Kwa Wakatoliki, hostia hutengenezwa kwa ngano. Barua ya Vatikani ya mwaka 2003 ilieleza kuwa hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, lakini yenye gluteni kidogo inaruhusiwa, na muumini anaweza kupokea divai peke yake. Zungumza na paroko mapema, naye atenge kikombe ambacho hakikutiwa kipande cha hostia. Kwa dawa, mwombe mfamasia aangalie wanga uliotumika kwenye vidonge.

Damu ndiyo itakayosema

Kuna watu hawahisi chochote hata gluteni inapowaumiza, kwa hiyo tumbo lililotulia si hakikisho. Rudia kipimo cha tTG-IgA kama miezi sita baada ya kuanza mlo, kisha kila mwaka kwa ratiba ya daktari wako. Kingamwili zikishuka, endelea na duka lako, mashine yako na pakiti zako. Zikibaki juu, andika kila ulichokula wiki mbili zilizopita, pamoja na mahali kiliposagwa, uende na orodha hiyo kwa daktari. Mkianzia kwenye unga, mara nyingi hamtatafuta mbali.