Okoa Maji na Kuni, Usihatarishe Afya



Maji ya ndoo moja ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Mzigo wa kuni nao ni mzito. Ndiyo maana kila familia inataka kuokoa maji na kuni. Hilo ni jambo jema.

Lakini mara nyingi tunaokoa mahali pabaya. Maji yakipungua, tunaacha kunawa mikono baada ya kutoka chooni. Kuni zikipungua, tunaacha kuchemsha maji ya kunywa. Matokeo yake ni kuhara. Mtoto anayehara hupoteza maji na chumvi mwilini. Asiposaidiwa upesi, anaweza kufa.

Basi tuokoe wapi? Leo tujifunze njia mbili.

1. KIBUYU CHIRIZI

Watu wakinawa ndani ya beseni moja, uchafu wa mmoja humfikia mwingine. Wakimwagiwa maji kwa kopo, mengi hupotea. Kibuyu chirizi hutoa maji kidogo kidogo. Tena hukishiki kwa mkono mchafu. Unakanyaga mti kwa mguu.

Tafuta dumu la lita 5 lenye mpini na mfuniko, msumari, kamba, sabuni na miti minne. Usitumie dumu lililowahi kutiwa dawa ya wadudu.

(a) Osha dumu. Pasha msumari moto. Toboa tundu moja ubavuni, upande usio na mpini. Liwe chini ya mdomo kwa upana wa kiganja.

(b) Toboa mfuniko. Pitisha kamba na uipige fundo kwa ndani.

(c) Karibu na choo, simika miti miwili yenye panda. Pitisha mti wa tatu kwenye mpini wa dumu, kisha uulaze juu ya panda.

(d) Funga ncha ya pili ya kamba kwenye mti wa nne, chini. Huo ndio wa kukanyagia.

(e) Tia maji yafike chini kidogo ya tundu. Ning'iniza sabuni kando.

Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Ukiachia, linarudi.

2. KIKAPU CHA JOTO

Maharage hukaa motoni muda mrefu. Je, ni lazima moto uwake muda wote? Hapana. Kinachoivisha ni joto. Joto likizuiwa lisitoke, chakula huendelea kuiva bila kuni.

(a) Loweka maharage usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo kwenye mgomba.

(b) Tia maji mapya, funika, yatokote nusu saa. Usipunguze muda huu. Maharage, hasa mekundu, yana sumu inayokwisha kwa kutokota sawasawa.

(c) Chukua kikapu kikubwa. Jaza nyasi kavu au majani makavu ya migomba, chini na pande zote.

(d) Epua sufuria bila kuifunua. Angalia isiwe na kaa la moto. Iweke kikapuni na uifunike kwa blanketi zito.

(e) Usifunue kwa saa 4. Kisha rudisha sufuria motoni, chakula kitokote tena kabla ya kula. Usilaze chakula kikapuni.

KUNI ZILIZOBAKI

Kuni ulizookoa zichemshe maji ya kunywa. Yakitokota dakika 3, epua. Kuyaacha zaidi ni kuchoma kuni bure. Yahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko.

Mwaka 1973 wanavijiji wa Tanzania walijifunza kwa redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Kujua bila kutenda hakumkingi mtoto. Leo jioni tafuta dumu na msumari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tusinawe wote ndani ya beseni moja?
2. Kwa nini maharage yatokote kabla ya kuwekwa kikapuni?
3. Nyumbani kwako maji hupotea wapi? Mtafanya nini?