Kupima Ustawi wa Kaya za Vijijini Katika Zama za Mabadiliko ya Tabianchi

Mkoa wa Dodoma umo katika ukanda wa nusu jangwa wa Tanzania, na hupata msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Mvua ikichelewa au ikikatika katikati ya msimu, mahindi hunyauka kabla ya kubeba. Ndiyo maana wakulima wa huko huhimizwa kupanda mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukame, na kuvuna maji ya mvua. Juhudi za namna hiyo huitwa kuhimili mabadiliko ya tabianchi.

Je, tutajuaje kama juhudi hizo zinawafaa watu wenyewe? Mara nyingi huhesabiwa ekari zilizopandwa, magunia yaliyovunwa na visima vilivyochimbwa. Hesabu hizo ni za lazima, lakini hazitoshi. Kaya yaweza kuvuka ukame ikiwa na magunia yake ghalani, na bado gharama ya kuvuka huko ikawa imelipwa kwa mwili wa mama, uzito wa mtoto au usingizi wa baba. Somo hili linaeleza jinsi mhudumu wa afya anavyoweza kuitambua gharama hiyo mapema.

Maana ya ustawi

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaitazama afya kuwa ni ukamilifu wa hali njema ya mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kukosa maradhi tu. Kwa hiyo anayepima ustawi wa kijijini hana budi kuuliza kuhusu chakula, maji, mwili na moyo.

Aidha, inafaa kutofautisha kuhimili na kujinusuru. Kuhimili ni kubadili namna ya kuishi ili msimu mbaya ujao usilete madhara makubwa kama uliopita. Kujinusuru ni kuupita msimu huu kwa kula akiba ya kesho: kuuza mbuzi wa mwisho, kula mbegu, kupunguza milo au kumtoa mtoto shuleni. Kwa mtazamaji wa nje mambo haya mawili hufanana. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo hatuna budi kuwauliza wanaokilalia.

Vipimo vinne vilivyo rahisi

*Kwanza, chakula.* Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lina dodoso la maswali 8 ya ndiyo au hapana. Huanza na hofu ya kukosa chakula, hupita kwenye kupunguza aina na kiasi cha chakula, na huishia kwenye kushinda siku nzima bila kula. Kadiri majibu ya ndiyo yanavyoongezeka, ndivyo hali inavyokuwa nzito zaidi.

*Pili, maji.* Kuna kipimo cha maswali 12 kuhusu wiki 4 zilizopita, kwa mfano kama mtu alishindwa kunawa mikono, au alibadili chakula alichokusudia kupika kwa sababu ya uhaba wa maji. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ya 12 au zaidi kati ya 36 huonyesha kwamba kaya haina uhakika wa maji.

*Tatu, mwili wa mtoto.* Utepe wa rangi tatu hupima mzunguko wa sehemu ya juu ya mkono wa kushoto kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Uvimbe unaobonyea katika nyayo zote mbili ni dalili ya utapiamlo mkali hata kama utepe unaonyesha kijani.

*Nne, moyo na akili.* Kipimo cha ustawi cha Shirika la Afya Duniani kina maswali 5 kuhusu wiki 2 zilizopita: uchangamfu, utulivu, nguvu, kuamka ukiwa umepumzika, na kuyaona maisha ya kila siku kuwa na mambo ya kuvutia. Kila jibu lina alama 0 hadi 5. Jumla iliyo chini ya 13 kati ya 25 humtaka mhudumu achunguze zaidi kama mtu ana sonona. Kipimo hiki hakitoi jina la ugonjwa. Kinabisha hodi tu.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue kaya mbili za kubuni. Zote zimepanda mtama, na kila moja imevuna magunia 6. Katika kaya ya kwanza mama anajibu 4, 3, 3, 4 na 4. Jumla ni 18. Katika kaya ya pili mama anajibu 2, 1, 1, 1 na 2. Jumla ni 7. Akiulizwa kuhusu chakula, anasema kwamba kwa miezi miwili amekuwa akiwapakulia wengine kwanza na kulala bila kula. Mumewe, aliyeulizwa peke yake, alijibu kwamba nyumbani hakuna njaa, wala hakusema uongo: sahani yake haikuwa tupu. Magunia yamezifanya kaya hizi kuwa sawa, ilhali mama mmoja anahitaji msaada leo.

Mambo ya kuzingatia

Usimuulize mkuu wa kaya peke yake. Zungumza na mwanamke faraghani, na umhakikishie usiri. Pima mara mbili kwa mwaka, wakati ghala limepungua kabla ya mavuno na tena baada ya mavuno, kisha linganisha mwezi uleule wa mwaka mmoja na mwingine. Ukilinganisha Februari na Julai, utadhani mradi umefaulu, kumbe ni mavuno tu yameingia.

Usihusishe kila jambo na tabianchi. Uchovu waweza kutokana na upungufu wa damu, kifua kikuu au ujauzito. Mpime mgonjwa kwanza. Anayesema kwamba anatamani kufa asiachwe peke yake, na apewe rufaa siku hiyohiyo.

Nawe mgonjwa, unapofika zahanati usitaje kichwa na mgongo tu. Taja pia milo uliyoruka, umbali unaotembea kufuata maji, na usiku usiopata usingizi. Hayo nayo ni maelezo ya kitabibu, na humsaidia mhudumu kukupa tiba inayokufaa.

Mwisho, matokeo yasibaki kwenye daftari. Mtoto mwenye utapiamlo aanzishiwe matibabu. Majumuisho yasiyotaja majina yapelekwe kwenye mkutano wa kijiji na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ili wanaopanga miradi ya kilimo na maji waone ni nani anayebeba mzigo. Tukimpima mtu bila kumrudia, tumemwongezea swali jingine juu ya yale aliyokuwa nayo.