Boxer ya elfu 62 itakugharimu pesa ngapi kweli?

Umeona tangazo kwenye simu: Boxer 150, nambari ya KME, "iko sawa, ni kupanda na kwenda", 62,000, bei inaongeleka. Kwenye simu yako una 70,000, akiba ya miezi kadhaa ukichanganya na pesa ya chama. Hesabu ya haraka inasema unaweza kuichukua leo jioni na ubaki na 8,000 ya mafuta na oili.

Hiyo ndiyo hesabu inayoacha pikipiki nyingi zikiwa zimeegemea ukuta wa gereji huku mwenyewe akitafuta pesa ya kuimalizia. Bei ya pikipiki iliyotumika ni sehemu tu ya gharama yake. Hebu tuijumlishe yote, kisha tuone pesa zako zinafaa kutoka kwa simu kwa mpangilio gani. Bei za spea za Kirinyaga Road si za Lodwar, kwa hivyo chukua nambari zetu kama mfano na uandike zako kando.

Injini ndiyo inakula pesa

Ukienda kuiona, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono karibu na injini. Kama tayari ina joto, muulize kwa nini. Injini baridi huwezi kuificha: kama inahitaji kupigwa kiki mara kumi na tano ndiyo iitike, utaona mwenyewe.

Ikishawaka, iache ipate moto dakika kama kumi, halafu ongeza mafuta ghafla huku ukiangalia ekzosi. Moshi wa rangi ya bluu unaoendelea kutoka injini ikiwa moto maana yake ni oili inaungua ndani. Hapo mara nyingi ringi za pistoni zimeisha, au sili za valvu. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi pale Limuru si shida, ule unaisha wenyewe. Sikiliza pia kama kuna mlio wa kugonga, na uangalie chini ya injini kama kuna oili inavuja. Injini iliyooshwa ikang'aa kupita pikipiki yenyewe inafaa ikutie wasiwasi kidogo.

Enda na fundi wako, si fundi ambaye muuzaji amekuitia. Mpe 500 ya kukagua hata kama hamtanunua. Hiyo ndiyo pesa ya bei rahisi zaidi kwenye safari hii yote.

Tuseme fundi amesikia injini na kusema ringi zimekwisha na silinda imelika. Bloku mpya na pistoni yake, 3,800. Gasketi, 400. Oili, 650. Kazi ya kufungua na kufunga injini, 2,000. Hiyo ni 6,850 na bado hatujagusa kitu kingine.

Zile za "hiyo ni kitu kidogo tu"

Angalia meno ya sproketi ya nyuma. Kama yamechongoka na kuinama upande mmoja, cheni na sproketi zote mbili zinafaa kubadilishwa pamoja. Watu hununua cheni peke yake ili kuokoa pesa, lakini sproketi iliyolika huila ile cheni mpya kwa muda mfupi, na unarudi dukani tena. Seti nzima tuweke 2,200.

Tairi ya nyuma na tyubu yake, 3,600. Sahani za klachi, 900. Viatu vya breki, mbele na nyuma, 600. Betri, 2,000. Beringi za magurudumu, 600. Kazi ya fundi kwa hizi zote, 1,000. Ukijumlisha na ile ya injini umefika 17,750.

Kuna kitu kimoja ambacho hatujakiwekea bei, kwa sababu kikiwa kibaya afadhali urudi nyumbani: fremu. Simama nyuma ya pikipiki na uangalie kama gurudumu la nyuma na la mbele ziko kwenye mstari mmoja. Angalia shingo ya usukani kama kuna alama za kuchomelewa. Pikipiki iliyopinda kwa ajali inaweza kupakwa rangi ikapendeza, lakini abiria wako atakuwa amekalia hiyo ajali kila siku.

Makaratasi nayo yana bei

Ukiwa hapo hapo kwenye shingo ya usukani utapata nambari ya chasisi imechongwa. Ya injini iko kwenye injini yenyewe. Zilinganishe na logbook, herufi kwa herufi. Nambari iliyokwaruzwa au iliyochongwa upya inatosha kumaliza mazungumzo.

Baada ya hapo fanya search ya NTSA kupitia eCitizen. Ada yake ni ndogo na utajua pikipiki imesajiliwa kwa jina la nani. Hapa kuna mambo mawili. La kwanza, jina lisipokuwa la huyo anayekuuzia, anafaa kukuletea mwenyewe. La pili, pikipiki nyingi za boda zilinunuliwa kwa mkopo, na mpaka mkopo uishe, kampuni iliyokopesha huwa bado ina haki juu yake. Ukiona jina la kampuni kwenye matokeo, omba barua ya kuonyesha deni limelipwa na kampuni imeachilia pikipiki. Bila hiyo, unanunua deni la mtu mwingine, na watakaokuja kuichukua hawatakuuliza ulilipa pesa ngapi.

Kwa search, uhamisho wa umiliki na ada ndogondogo tenga 3,000. Bima ya mtu wa tatu ni lazima chini ya sheria ya Kenya, Cap 405; tuweke 4,500. Kofia mbili, yako na ya abiria, 3,000. Jaketi mbili za kung'aa, 600. Jumla 11,100.

Siku za kungoja

Hii watu wengi huisahau kwa sababu hakuna mtu wa kuilipa. Kama pikipiki itakaa gereji siku sita na wewe ulikuwa unatarajia kubaki na 700 kwa siku baada ya mafuta, hiyo ni 4,200 ambayo haikuingia. Fundi akikwambia "kesho jioni", weka siku tatu.

Sasa jumlisha: 62,000 ya pikipiki, 500 ya kukagua, 17,750 ya kurekebisha, 11,100 ya makaratasi, bima na kofia, na 4,200 ya siku ulizokaa. Ni 95,550. Ile Boxer ya elfu 62 imeongeza 33,550 juu ya bei yake, zaidi ya nusu. Yule mtu mwenye 70,000 amekwama kabla hata tairi haijanunuliwa.

Ndiyo maana tunashauri uanze kutoka upande wa pili. Chukua pesa zote ulizo nazo, ugawanye mara tatu, na utafute pikipiki inayoingia kwenye mafungu mawili. Mwenye 70,000 anatafuta ya kama 46,000, au anangoja miezi michache. Inauma kusikia hivyo ukiwa umeshaipenda ile ya 62,000, lakini pia una kitu cha kutumia: ile orodha ya fundi. Mwonyeshe muuzaji, kitu kwa kitu, na bei zake. Ukimwambia tu "punguza kidogo" atatoa 1,000. Ukimwambia "injini inataka 6,850 na fundi huyu hapa" mtaongea lugha nyingine.

Lile fungu la tatu lisikae pamoja na pesa ya kununulia. Lihamishe kwenye akaunti yako ya akiba ya simu, ile unayoweza kufunga kwa tarehe, kabla hujaenda kuona pikipiki. Ukiwa mbele ya muuzaji na salio lote linaonekana, ni rahisi sana kuongeza 5,000 "ili tumalize maneno".

Pesa itoke wakati gani

Usitume chochote kabla ya kuiona pikipiki. Ile "deposit ya kukushikia kwa sababu kuna mtu mwingine yuko njiani" ndiyo njia ya zamani na bado inafanya kazi. Kama kweli kuna mtu yuko njiani, mwache afike.

Siku ya kulipa, kaeni pamoja mahali penye watu. Muuzaji anaanza uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya eCitizen, wewe unaupokea na kuukubali kwenye yako. Wote wawili mtahitaji PIN ya KRA, kwa hivyo ijue mapema. Malipo ya eCitizen yanaenda kwa paybill 222222. Mtu akikupa nambari yake binafsi ili "akulipie haraka", kataa kwa upole. Andikeni mkataba wa mauziano, hata wa ukurasa mmoja, wenye nambari ya usajili, ya chasisi, bei, nambari za vitambulisho na sahihi za mashahidi.

Muuzaji akisema mambo ya kuhamisha jina mtafanya wiki ijayo, mkumbushe kwamba pikipiki ikifanya ajali au ikitumika kwa uhalifu, polisi wataanza na jina lililo kwenye rekodi. Hilo jina ni lake. Wengi hapo hupata bando ya kuingia eCitizen bila kuchelewa.

Ndipo utume pesa, kwa nambari ya mtu ambaye jina lake liko kwenye kitambulisho na kwenye rekodi ya NTSA. Kabla ya kuweka namba yako ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. "Tuma kwa bibi yangu, laini yangu iko na shida" ni sababu ya kusimama. Unaweza pia kukubaliana ubaki na kiasi fulani, tuseme 5,000, mpaka logbook itoke kwa jina lako, na uliandike hilo kwenye mkataba. Utalipa ada ya kutuma mara mbili, lakini ni bei ndogo kwa usingizi mzuri.

Na hapa tuwe wazi, kwa sababu wateja hutuuliza kila mara. Kurudishiwa pesa ni kwa ajili ya pesa uliyotuma kwa nambari isiyo sahihi, na hata hapo inategemea kama bado haijatolewa. Pikipiki ikizima siku ya pili, sisi hatuwezi kuvuta pesa kutoka kwa mtu uliyemtumia kwa hiari. Hapo unaenda kwa sheria. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na ule ujumbe wa malipo pamoja na mkataba ndio ushahidi wako. Usiufute. Ukiufuta, omba taarifa ya akaunti, bado utaupata huko. Aliyelipa noti mkononi nyuma ya steji hana hata hicho.

Kama unamnunulia mtu wa nyumbani

Wengi wenu mko Nairobi au Mombasa na pikipiki ni ya ndugu kule Kitale au Homa Bay. Pesa ya kurekebisha ndiyo hupotea zaidi hapa, na si lazima mtu awe mwizi. Unatuma 18,000 kwa simu ya ndugu yako, katikati mtoto anaugua, 4,000 inatoka, na pikipiki inabaki bila tairi.

Lipa duka la spea moja kwa moja kwenye till yao. Mwambie ndugu aende dukani, achague, akutumie picha ya risiti na nambari ya till, wewe ulipe ukiona jina la duka. Kazi ya fundi itume kando, nusu akianza, nusu ndugu yako akikupigia simu akiwa juu ya pikipiki. Mwishoni ujumbe zako zitakuwa zimejipanga zenyewe: spea kiasi gani, kazi kiasi gani, tarehe gani. Betri ikifa ndani ya mwezi, una kitu cha kumwonyesha mwenye duka.

Na mkopo?

Unaweza kujazia kwa mkopo wa simu, hatutakuzuia. Lakini siku za mkopo zinaanza kuhesabiwa pesa ikiingia, si pikipiki ikitoka gereji. Ukikopa 15,000 ya siku 30 na fundi akachukua kumi, umebaki na siku 20 za kutafuta 15,000 na riba yake, yaani zaidi ya 750 kila siku, kabla hujala wala kujaza tangi. Kama ni lazima ukope, nunua spea zote kwanza kwa pesa yako, ukope mwishoni kwa kitu kama bima, ambacho ukilipa leo unaingia barabarani kesho.

Pikipiki ikishaanza kazi, mfungulie akiba yake mwenyewe. Boda inayozunguka kilomita 100 kwa siku inafikisha 2,500 ndani ya siku 25, na hapo oili inafaa imwagwe. Shilingi 100 kila jioni, ikikatwa kabla hujashuka kwenye kiti, zitakupa 2,500 siku hiyo hiyo: oili ya 650, viatu vya breki kama vimeisha, na kitu cha kuanzia tairi inayofuata.