Taa Inawaka, Mtandao Unakokota: Somo la Kasi na Dupleksi



Somo hili linawahusu zaidi ndugu na dada wanaosoma kompyuta na uhandisi wa mawasiliano. Hata hivyo nimejitahidi kuliandika ili anayesoma sharia au famasia naye alifuate, kwa sababu ndani yake yumo mtu aliyekaribia kufukuzwa kazi kwa jambo ambalo hakulifanya.

Nilikuwa kwenye mafunzo ya kazini katika taasisi moja ya Kiislamu hapa Kampala, yenye shule, zahanati ndogo na ofisi ya karo. Jina lake nitalisitiri. Fayawoli yao, yaani kile kifaa kinachokaa kati ya mtandao wa ndani na intaneti kikikagua kinachoingia na kutoka, ilikuwa imezeeka. Mfadhili akatoa mpya. Tukaibadilisha Ijumaa usiku baada ya Isha, mimi na yule ndugu anayesimamia mtandao wao. Tukajaribu: kurasa zinafunguka, ping inarudi kwa milisekunde 2, taa za poti zinawaka kijani. Tukamshukuru Mwenyezi Mungu, tukapanda boda tukaenda kulala.

Jumatatu saa tatu asubuhi simu zikaanza. Hajati wa ofisi ya karo anapandisha faili la benki, linafika robo kisha linakatika. Zahanati haiwezi kutuma ripoti. Walimu wanasema ukurasa mmoja unachukua dakika nzima. Wa kwanza kulaumiwa ikawa bahari, kwa kuwa watu bado wanaikumbuka Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika na Afrika Mashariki nzima ikahangaika. Lakini jirani alikuwa anatumia kampuni ileile ya intaneti na hakuwa na shida yoyote. Hapo minong'ono ikamgeukia yule ndugu: anauza intaneti kwa hosteli ya pili, ndiyo maana yetu imeisha. Hadi adhuhuri barua ya kumsimamisha kazi ilikuwa imeshachapwa, inasubiri sahihi ya mwenyekiti.

Nilimwendea mwenyekiti nikamwomba, "Sheikh, nipe mpaka Alasiri." Akatikisa kichwa, akaiweka barua ndani ya droo. Aya ya sita ya Surat al-Hujurat, ile ya kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu, imebandikwa ukutani ofisini kwake, na nadhani ndiyo iliyonisaidia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza, tuhuma ya wizi inapimika. Mtu akikuibia intaneti, njia yako hujaa. Tuliiomba kampuni inayotuuzia intaneti itusomee mchoro wa matumizi ya asubuhi ile. Njia ya megabiti 100 ilikuwa inapitisha megabiti 3 au 4 tu, tena kwa kushtukashtuka. Njia tupu ambayo watu wanailalamikia kuwa nzito haijaibwa, ina ugonjwa.

Pili, ugonjwa uko wapi? Tulihamisha faili kubwa kati ya kompyuta mbili za ndani, likaenda kama upepo. Basi swichi za ndani ni nzima. Tukafanya ping kutoka kwenye fayawoli hadi kifaa cha kampuni: hakuna pakiti iliyopotea. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Ping ni pakiti moja ndogo kila sekunde. Inakwenda, inarudi, njia inakaa kimya. Haiwezi kukuonyesha kinachotokea pande zote mbili zinapotaka kusema kwa wakati mmoja. Ndiyo maana Ijumaa usiku, tukiwa watu wawili tu, kila kitu kilionekana kizuri.

Ili uelewe, rudi nyuma kidogo. Robert Metcalfe na wenzake walipobuni Etheneti kule Xerox mwaka 1973, mashine zote zilishiriki waya mmoja. Wazo la kugombea njia moja walilichukua kwenye mtandao wa redio wa ALOHA wa visiwa vya Hawaii. Kanuni yake ni kama redio za askari: sikiliza kwanza, kama kuna kimya sema, na ukisikia mwenzako naye amesema, nyamaza nyote, kila mmoja asubiri muda wa kubahatisha kisha arudie. Hiyo ndiyo nusu-dupleksi. Baadaye zikaja swichi, na kila kifaa kikapata waya wake chenyewe, wenye jozi moja ya kutuma na nyingine ya kupokea. Hapo hakuna tena sababu ya kusubiriana. Ni kama simu, unaweza kusema huku unasikia. Hiyo ni dupleksi kamili, na iliingizwa rasmi kwenye viwango vya IEEE mwaka 1997.

Vifaa viwili vikiunganishwa vinatakiwa kuafikiana: kasi gani, dupleksi ipi. Kila upande unatuma orodha ya unayoyaweza, kisha vyote vinachagua lililo bora kwa wote wawili. Maafikiano haya ya kiotomatiki yalikuja na Etheneti ya megabiti 100 mwaka 1995. Tatizo linazaliwa upande mmoja unapofungwa kwa mkono, mathalani "100, kamili", na mwingine ukaachwa otomatiki. Uliofungwa kwa kawaida hautumi orodha yoyote. Ule wa otomatiki unaitambua kasi kwa kusikiliza mfumo wa ishara kwenye waya, kwa kuwa ishara ya 100 haifanani na ya 10. Lakini dupleksi haimo ndani ya ishara. Haionekani. Na kiwango kinaamuru kwamba usipojua, uchague nusu.

Basi una waya mmoja, upande huu unaamini ni simu, upande ule unaamini ni redio ya askari. Upande kamili unatuma wakati wowote unaotaka. Upande wa nusu ukiwa katikati ya kutuma, ukasikia kitu kinaingia, unadhani ni mgongano: unakatiza fremu yake na kukitupa kile kinachoingia. Upande kamili unapokea kipande cha fremu, hesabu ya uhakiki haikubali, nao unakitupa. Pande zote mbili zimepoteza. Kisha TCP, ambayo kazi yake ni kuhakikisha faili linafika, inadhani njia imejaa watu, inapunguza mwendo kwa adabu. Inapunguza tena. Na tena. Kadiri unavyolihitaji faili, ndivyo njia inavyozidi kukokota. Taa ya kijani haisemi lolote kuhusu haya, kwa sababu taa inakwambia tu kwamba umeme wa ishara upo.

Lakini vihesabio vinasema. Kwenye mashine ya Linux andika ethtool eth0 (jina la poti yako linaweza kuwa tofauti) na usome mistari ya Speed na Duplex. Kisha ethtool -S eth0 itakupa hesabu za makosa. Kwenye swichi na ruta nyingi za Cisco ni show interfaces. Upande wa nusu tafuta "late collisions", migongano iliyochelewa, yaani iliyotokea baada ya baiti 64 za kwanza za fremu kwisha kutumwa. Kwenye mtandao wenye afya ile isingetokea kabisa, kwa hiyo hata hesabu ndogo inayopanda inatosha kukushtua. Upande kamili tafuta makosa ya CRC na fremu fupi kupita kiasi. Usisome mara moja ukatoa hukumu. Huenda hesabu ni za mwaka jana. Soma, subiri dakika 5 huku mtu anapandisha faili, soma tena.

Yetu ilisomeka hivi: kasi 100, dupleksi nusu, maafikiano yamewashwa. Migongano iliyochelewa ilikuwa inapanda mbele ya macho yetu. Tukafungua nakala ya mipangilio ya fayawoli ya zamani, na ndani yake, mstari mmoja ambao hakuna aliyeukumbuka: poti ya nje, 100, kamili, kwa mkono. Miaka mingi nyuma kuna fundi aliyefunga pande zote mbili, wa kampuni na wa taasisi, na zikaelewana. Sisi tukaondoa upande mmoja wa makubaliano bila kujua kwamba kulikuwa na makubaliano. Kwa hiyo kosa lilikuwepo, na lilikuwa la wawili: yule ndugu na mimi tulihamisha kanuni za usalama zote, moja baada ya nyingine, tusitazame mipangilio ya poti.

Dawa ya siku ile ilikuwa kufunga poti yetu nayo kwenye 100 kamili, sekunde chache za kukatika. Angalizo: usifanye hivyo ukiwa mbali, umeingia kupitia poti hiyohiyo. Ukikosea unajifungia nje. Kaa mbele ya kifaa. Dawa ya kudumu ni otomatiki pande zote mbili, na hapa nina msimamo: ile desturi ya mafundi wa zamani ya "funga kila kitu kwa mkono" ilikuwa na sababu miaka ya tisini, vifaa vingi vilipokuwa havielewani vizuri. Leo inaleta madhara zaidi. Isitoshe, gigabiti juu ya waya wa shaba, kiwango cha 1999, inalazimu maafikiano yawepo.

Msikimbilie dupleksi kila mara, lakini. Kama kasi imeshuka kutoka 1000 hadi 100 na dupleksi ni kamili, chunguza kebo: gigabiti inahitaji jozi zote nne, na kuna majengo ambayo fundi aligawa kebo moja kuhudumia kompyuta mbili, jozi mbili huku, mbili kule. Kama vihesabio vyote ni sifuri ila kichakato cha fayawoli kiko juu ya asilimia 90, umeiwashia ukaguzi mwingi kuliko uwezo wake. Na kama tovuti nyingine zinafunguka vizuri na nyingine zinaganda kabisa, tazama ukubwa wa pakiti unaoruhusiwa kupita. Hilo ni somo lake peke yake.

Tulimaliza kabla ya adhana ya Alasiri. Hajati akapandisha faili lake, dakika moja haikuisha. Nilimwonyesha mwenyekiti namba mbili nilizoandika kwenye karatasi, kabla na baada, naye hakuelewa dupleksi ni nini ila alielewa namba. Akaitoa barua kwenye droo, akamwita yule ndugu, akamkabidhi mkononi mwake aichane mwenyewe. Alhamisi kampuni ikaweka upande wao otomatiki, nasi tukafungua wetu dakika hiyohiyo tukiwa kwenye simu, na poti ikapanda hadi 1000 kamili. Juu ya kifaa tulibandika karatasi: poti ya nje, otomatiki pande zote mbili, tarehe, na namba ya simu ya kupiga kabla ya kugusa.